Mkanda wa Nguzo Juu ya Mgunga

Kaka yangu aliposema, "Nitapanda mimi," nilipaswa kukataa. Nilimshukuru, nikaenda kumletea mkanda.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kutengeneza laini za simu, nikapata leseni ya redio ya ridhaa. Nilitaka kuongea na watu wa mbali kwa masafa ya chini, yale yanayosafiri vizuri jua likishatua. Masafa hayo yanadai waya mrefu, tena uinuliwe juu sana. Shamba letu nyuma ya kilima cha Katelembo lilikuwa na miti mingi. Ncha moja niliifunga mwenyewe kwenye mkaratusi. Ya pili ilihitaji mgunga mkubwa wa mpakani, na mgunga huo ulibeba mizinga ya nyuki ya kaka.

Aliichonga mwenyewe kutoka kwa magogo. Akienda kurina asali alikwenda usiku, na moshi, bila kugusa sabuni mchana kutwa. Alisema nyuki humjua mwenye mzinga kwa harufu. Lakini mimi nilitaka waya uwe juu kabla ya magharibi, maana mtu wa Zambia alikuwa ameahidi kunisikiliza jioni hiyo.

"Basi napanda sasa," kaka akasema. "Tawi lako liko upande ule, mizinga iko huku."

"Na nyuki?"

"Hawa wananijua tangu wewe ukiwa Nairobi ukipanda nguzo za serikali. Wewe ndiye mgeni. Kaa mbali, kitinda mimba."

Nilicheka. Lakini niliogopa aanguke. Alikuwa mzee tayari, na kazini niliwahi kuona mwenzangu akiporomoka kutoka kwenye nguzo. Kishindo kile hakijanitoka masikioni. Kwa hiyo nikamvisha koti langu la kazi, nikamfunga mkanda wangu wa kupandia nguzo.

Alinusa mkono wa koti. "Nanuka kama gereji."

"Ni usalama wako, kaka."

Akasita, akatazama mizinga, kisha akatazama uso wangu. Nadhani aliona nilivyoogopa. Akapanda.

Alipofika kwenye tawi, nilimwelekeza kutoka chini jinsi ya kuuzungusha mkanda kwenye shina na kuubana. Aliubana vizuri. Akapitisha kamba, nami nikaanza kuvuta waya. Ndipo mvumo wa mizinga ulipobadilika. Ulikuwa mnene, ukawa mwembamba na mkali. Kaka akajipiga shingoni. Akajipiga tena. Halafu sikuona tena rangi ya koti kwa wingi wa nyuki.

"Hii kitu inafunguliwaje?"

"Bonyeza ulimi wa chuma, halafu vuta!"

"Wapi? Sioni! Wapi?"

Nilikuwa nimemfundisha kuufunga tu.

Wakanishukia na mimi, machoni, ndani ya masikio. Nikaachia kamba nikakimbia. Nilijifungia stoo, nikasimama gizani, na kupitia bati nilimsikia akiniita kwa jina la utotoni, lile ambalo mama pekee alilitumia. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Sikulifungua. Aliita mpaka akanyamaza.

Majirani ndio waliokuja na moshi wa matambara. Walimkuta ananing'inia, anapumua kwa taabu, mikono bado iko kwenye chuma cha mkanda. Jirani aliyepanda kumshusha aliufungua kwa kidole kimoja.

Sikuwasha redio jioni ile, wala sijaiwasha tena. Waya ulining'inia miaka mingi mpaka mkaratusi ukaanguka. Hadi leo nyuki mmoja akiingia chumbani, nashika mlango kwa mikono miwili, na wajukuu hucheka.

Mkanda ulimzuia kaka asianguke. Alikufa njiani kwenda hospitali kwa sumu ya nyuki wake mwenyewe, akiwa ndani ya koti langu. Watoto wake hawajakanyaga kwangu tangu mazishi, na siwalaumu. Kwa jioni moja ya kuongea na mtu nisiyemjua, nilipoteza ndugu pekee niliyekuwa naye.