Kubadhi la Kushoto

Ndara za mpira haziingii nyumbani kwangu. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi ana wazimu, nti nzima inavaa ndara, yeye peke yake kanuna. Nawaambia vaeni, nendeni nazo mnakotaka, lakini mkija kwangu muziache huko huko ndiani. Dakani kwangu sizitaki. Mbuzi akizila, na azile.

Baba yangu alikuwa mshona viatu. Alizaliwa Siyu, kwa watu walioijua ngozi, akaja Amu kuoa, akakaa. Kazi yake aliifanyia dakani, pale mlangoni, na nyumba nzima ilinuka ngozi, hata nguo zetu za Idi. Alishona makubadhi, vile viatu vizito vya ngozi vyenye gidamu, ule ukanda unaopita baina ya kidole gumba na mwenziwe. Hakuwa na viatu vilivyokwisha shonwa vikisubiri mnunuzi. Ukitaka kiatu cha baba, ulete mguu wako.

Na mguu aliopenda kuupima kuliko yote ulikuwa wa mama. Kila mwezi wa Shaabani, kabla hatujaanza kufunga, alimkalisha kwenye kigoda uani, akamwosha miguu kwa maji ya kisima, akampangusa kwa ncha ya kikoi chake, kidole baada ya kidole. Kisha akauweka mguu juu ya ngozi na kuuzungushia mkaa kuchukua kipimo. Mjue wazee wetu hawakugusana mbele ya watoto. Sikupata kumwona baba amemshika mama hata mkono, ila siku hiyo. Mama akicheka, "Bwana, wanitekenya!" na baba amekaza uso kana kwamba hasikii. Viatu vya Idi vilikuwa kisingizio tu. Hilo nililifahamu nilipokuwa mke wa mtu.

Basi mwaka mmoja, kaskazi imepamba moto, mjomba akarudi kutoka Mombasa na ndara za mpira. Ndiyo kwanza tuzione. Za mama zilikuwa za buluu, laini, nyepesi, na wanawake wa mtaa walikuja kuzibonyeza na kuzinusa kama wananusa asumini. Mjomba akavimba kichwa, utadhani kaziunda yeye.

Wakati huo mama alikuwa keshaanza kulalamikia miguu. Mara inawaka moto, mara imekufa ganzi, mara anahisi amekanyaga mchanga na hali yuko mkekani. Maji alikuwa akinywa mtungi kwa mtungi. Sote tukasema ni joto.

"Makubadhi yananilemea siku hizi," alimwambia baba. "Hizi sizisikii kabisa."

Na ilikuwa kweli, masikini. Hakuwa akizisikia.

Shaabani ikaingia. Baba akateka maji, akaweka kigoda uani, akatandika ngozi aliyoichagua tangu mfungo uliopita. Mama akapita na sinia la mchele anaochagua, akasema bila hata kusimama, "Aka, Bwana, yeo usijisumbue. Mimi ninazo ndara. Mpime binti yako."

Hakusema kwa ubaya. Wallahi hakusema kwa ubaya! Lakini nilimwona baba usoni. Aliyamwaga yale maji pale uani, akaikunja ngozi, akarudi dakani na msharasi wake kutoboa viatu vya watu. Baba yangu alikuwa bingwa wa kununa. Mwezi mzima wa Ramadhani alifuturu nasi, akaongea na kila mtu, ila mama alipata kwake salamu na majibu ya mkato tu, na macho yake hayakushuka chini ya magoti ya mkewe.

Alasiri moja mama alirudi kutoka kwa jirani mguu mmoja una ndara, mmoja mtupu. Nyanya yangu, mamake mama, ndiye aliyemwona kwanza.

"We, ndara yako i wapi?"

Mama akaangalia chini. "Lo! Nimeiangusha wapi?" Ilikutwa kwenye kichochoro cha tatu, mpirani mmejaa jasho. Alikuwa ametembea juu ya mawe na mifupa ya samaki bila habari. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, naye akicheka kutushinda. Ndara haina pa kuushika mguu; mtu mzima wa afya huishikilia kwa vidole. Vya mama havikujua tena kushika kitu.

Siku mbili tatu kabla ya Idi akasema pana unyevunyevu baina ya vidole vya mguu wa kushoto, gidamu ile ya mpira imemchubua kidogo. Tukafanya linalofanywa na kila nyumba ya Amu. Hina kwetu ni pambo, na ni dawa ya miguu vile vile. Hukausha, hukaza ngozi. Tukamkandika hina nzito, nyayo na vidole, tukarudia mara ya pili ikolee. Ikakolea. Miguu ikawa myekundu kwa weusi, mizuri mno, na hakuna jicho lililoweza kujua wapi hina inaishia na wapi nyama imeanza kuoza.

Harufu ilipoanza, tuliisingizia ngozi. Si nyumba ya mshona viatu? Nyanya akamgombeza baba, akimwambia ametuletea ngozi isiyokauka. Baba akazitoa zote, akazianika darini. Harufu ikabaki pale pale.

Mosi ya Idi mama hakuinuka. Alikuwa anatetemeka kwa homa na nguo mpya amevaa. Baba akaingia chumbani, akasimama, akanusa. Mtu aliyeishi na ngozi tangu utotoni huijua harufu yake. Akapiga magoti, akaushika mguu wa kushoto, akataka maji. Akaanza kuosha kama alivyokuwa akiosha kila Shaabani. Rangi ya hina haikutoka. Ngozi ndiyo iliyotoka.

"Subhanallah," alisema, na sauti haikuwa yake. "Huumwi? Hapa, huumwi?"

"Wapi?" mama akauliza.

Hospitalini daktari alisema ni maradhi ya sukari. Alisema yameua hisia za miguu, kiatu kimemla na yeye hajui, na jeraha limefika mfupani. Wakampeleka Mombasa, baba pamoja naye. Kabla ya kuondoka baba alinishika bega pale mlangoni akaniambia mimi, mtoto, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia: "Ningalimpima, ningaliuona."

Nilimchukia, na moyo ulinivunjikia kwa ajili yake, yote mawili kwa pamoja, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa kubwa.

Mama alirudi na magongo. Mguu wa kushoto walikuwa wameukata chini ya goti. Alikuwa amekonda, lakini ulimi wake mzima, alimwambia nyanya aliyekuwa akilia, "Basi, hina sasa itakuwa nusu." Hakucheka mtu.

Baba hakupumzika hata siku ile. Aliteka maji, akaweka kigoda uani, akamwosha mguu uliobaki, akaupangusa kwa ncha ya kikoi, akauzungushia mkaa. Kisha akajifungia na kazi yake. Alipotoka alikuwa na makubadhi mazuri kuliko yote aliyopata kushona, na alikuwa na mawili.

Mama akalivaa la kulia. La kushoto akaligeuzageuza mkononi.

"Bwana, na hili nimvishe nani?"

Baba akalitazama kama amelikuta njiani. "Mkono umeshona wenyewe," akasema, akageuka akauelekea ukuta, na mabega yakaanza kutikisika. Ndiyo mara ya kwanza kumwona baba yangu akilia.

Mama akamwacha alie. Kisha akasema, "Liweke mlangoni pamoja na mwenziwe. Kwetu mtu hujulikana yumo kwa viatu vyake. Anayepita aone yumo mwanamke mzima."

Ikawa hivyo. Aliishi nasi miaka michache, na kila Shaabani baba alimpima mguu mmoja akashona makubadhi mawili. Hakuwahi tena kungoja aambiwe, wala kununa.

Siku tuliyomzika, wanaume walirudi kutoka makaburini na wanawake tumejaa ndani. Nilichungulia nikamwona baba ameinama kizingitini, kwenye makubadhi ya mama. La kulia lilikuwa limelika kisigino, kwa sababu lilibeba mtu mzima peke yake. La kushoto lilikuwa jipya, lina vumbi tu la mlangoni. Akaliokota hilo, akaketi nalo dakani, akawa analipangusa kwa ncha ya kikoi, taratibu, pale ambapo vidole vingekaa, kimoja baada ya kimoja.