Ubao Usioisha wa Mzee Randa

Saa mbili asubuhi, karakana inanukia mbao mbichi na gundi. Kabla mtu hajashika msumeno, Mzee Randa anaketi kwenye stuli, anapuliza chai yake na kuuliza swali lake la kila siku: "Haya, nani kaota nini?"

Fundi huyu wa vitanda ana miaka sitini na moja na cheko la kuangusha ukuta. Hata wateja wamemzoea. Anayekuja kuagiza kitanda huondoka amesimulia na ndoto.

"Mimi siagui ndoto za watu," anasema. "Namuuliza mwenyewe: ulipoamka, ulimuwaza nani? Jibu analo yeye."

Somo hilo halikumjia kirahisi. Miaka miwili iliyopita mgongo ulimgomea. Kazi ikadorora hadi vitanda viwili kwa mwezi, akaanza kutafuta mtu wa kumuuzia karakana. Ndipo ndoto moja ikamng'ang'ania kama kupe: anapiga randa ubao, na ubao unazidi kurefuka.

Jirani alisema ni maisha marefu. Shemeji yake akasema ni utajiri, akaomba mkopo papo hapo. "Mke wangu alisema nipunguze kula usiku," anasimulia huku akicheka.

Yote yaliingia sikio hili yakatokea lile. Asubuhi moja akajiuliza: upande wa pili wa ubao ameshika nani? Alikuwa binti yake, kitindamimba, aliyemshikia mbao tangu utotoni. Alipomaliza shule aliomba kazi karakanani. Baba akakataa katakata, akampeleka kusomea ususi.

"Nilimpigia simu kabla sijanawa uso. Nikamwambia, mwanangu, njoo ushike ubao. Akaniuliza, 'Baba, nije kushika, au nije kupiga randa?'"

Leo binti ndiye anayepiga randa. Baba anashika ubao na kutoa maagizo ambayo hakuna aliyeyaomba. Vitanda vimefika tisa kwa mwezi, na karakana haiuzwi tena.

"Baba, sogea, unanikingia mwanga," binti anasema. Mzee anasogea, kifua mbele kwa fahari.

Kwenye kona kuna kitanda kisichouzwa. Mganga hajigangi: kwa miaka thelathini fundi na mkewe wamelala kwenye godoro sakafuni, maana kila kitanda kilipata mnunuzi. Hiki binti amewachongea wazazi wake. Kimebaki vanishi tu, na mama ameshachagua upande wa ukutani.

"Nakingoja kama mtoto mdogo," anasema Mzee Randa, machozi yakimlengalenga. "Nikishakilalia, kesho yake nitawahi kazini. Siku hiyo ataniuliza yeye: baba, umeota nini?"