Shangazi wa Chumba cha Nyuma

Mimi si mtu wa kuona mambo. Nikisikia fulani amekutana na mzimu, huuliza kwanza alikuwa amekunywa nini. Lakini hili limenipata mimi mwenyewe, hapa Likasi, Kongo, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja kitu. Na kama ningekuwa natunga, unafikiri ningejitungia aibu kama hii?

Basi niseme. Nilikuwa nalima bangi ndani ya nyumba, katika chumba cha nyuma, kwenye ndoo kuukuu za rangi nilizozitoboa chini. Dirisha nililiziba kwa katoni, taa nikazining'iniza juu. Mnunuzi wangu aliniambia kwamba mavuno yakikaribia, udongo lazima uoshwe: unamwaga maji matupu ndoo baada ya ndoo, mpaka yanayotoka chini yawe safi na mbolea iishe, la sivyo moshi utakwaruza koo. Sawa. Maji yenyewe yako wapi? Parseli yetu, yaani kiwanja chetu chenye ua mmoja, ina familia nne na bomba moja, na bomba lilikuwa limekauka. Kila mtu aliteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, akapanda kilima na bidoni, dumu lake, kichwani.

Jirani yangu Mama Ngoie, mjane anayeongoza maombi ya akina mama, aliniona nikipita na kurudi, kupita na kurudi.

"Papa, ile mayi yote inaendaka wapi? Weye uko muntu moja tu."

Ulimi ukatangulia akili. "Niko na mugonjwa, mama. Shangazi yangu. Balimuleta toka Kapolowe. Iko na vidonda, kila saa ni kumunawisha."

Baba yangu hakuwahi kuwa na dada. Hata mmoja.

Jioni ile ile Mama Ngoie alileta bidoni. Kesho yake wakaja wenzake wa maombi, kila mmoja na yake. Mguu wa Mama Ngoie umevimba miaka mingi, lakini kilima alikipanda, na maji ya shangazi yangu kichwani. Mimi nilipokea mlangoni, nikasema aksanti, nikafunga, nikamwagilia bangi. Maji yaliyotoka chini ya ndoo yalikuwa ya kahawia, nami niliyatupa mtaroni mbele ya macho yao. Wakatikisa vichwa: maskini, anaoza. Harufu nayo wakaiita harufu ya vidonda. Niliona aibu? Kidogo. Aibu ndogo haimzuii mtu mwenye maji ya bure.

Kitu kimoja tu kiliwasumbua. Mwanaume anamwogeshaje shangazi yake? Ni mwiko! Walijitolea kumwogesha wao, nikawajibu kwamba hataki kuonwa na watu.

Jumapili moja nikatoka kumtafuta mnunuzi, na kwa haraka nikasahau kufunga kufuli. Niliporudi mchana, nilimkuta Mama Ngoie anatoka katika chumba kile na beseni tupu, mikono imelowa mpaka viwikoni. Nikangojea kelele, nikangojea polisi. Yeye alikuwa analia huku anatabasamu.

"Nimemunawisha. Alikonda sana, mutoto yangu. Lakini anacheka. Anasema aksanti. Na anasema weye haumupe mayi ya kunywa. Juu ya nini?"

"Mama, haukuona majani mule ndani?"

"Majani gani? Minye niliona muntu."

Niliingia. Bangi zangu zilikuwa palepale, mistari kwa mistari. Katikati ya ndoo kilikuwa kimetandikwa kitenge cha Mama Ngoie, na juu yake kuna alama ya maji ya mtu aliyelala: bega, nyonga, kisigino. Nikakigusa. Kilikuwa na joto.

Ndipo sauti ikatoka upande wa majani, sauti ya mtu aliyechoka, wala haikuwa na hasira.

"Mutoto ya kaka yangu, ile mayi banaleta ni yangu. Weye uko namupatia nani?"

Niamini, sikukimbia, na si kwa ushujaa. Mtu mwenye kiu utamkimbiaje? Nilijaza kikombe, nikakiweka juu ya kitenge, nikafumba macho. Nikasikia mtu anakunywa, taratibu, kama anayemeza kwa maumivu. Nilipofumbua, kikombe kilikuwa kitupu.

Siku hiyo hiyo niling'oa bangi zote nikazitupa chooni. Kisha nikaenda kwa Mama Ngoie, nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu: hakuna shangazi, ilikuwa bangi tu, na maji yenu nilizinywesha bangi.

"Uko namukatala muntu ya damu yako juu iko mugonjwa?"

Mpaka leo katika parseli najulikana kama yule aliyemkana shangazi yake. Nikipita, akina mama hunipa mgongo. Najionea haya mpaka kwenye mifupa, na sina hata wa kumweleza. Ukweli niliusema, ukaonekana ndio uongo.

Chumba sasa ni kitupu, isipokuwa kitenge. Kila jioni naweka kikombe, na kila asubuhi nakikuta kikavu. Maji ya Mama Ngoie nateka mimi. Anayapokea, anafunga mlango.

Wewe unayenisikiliza, ukibanwa, dai umefiwa na mbuzi, dai umepotea njia. Usimzue mgonjwa ili watu wakuonee huruma. Huruma yao ikishapanda kilima mpaka mlangoni kwako, lazima awepo wa kuipokea.

Jana shangazi aliniuliza mbona ndugu zake wa Kapolowe hawaji kumwona. Ulimi wangu, haujafunzwa bado, ukajibu kwamba wako njiani.

Tangu asubuhi nimekaa hapa, natazama lango.