Hitaji la Maombi kwa Timu Inayofungwa

Jumapili iliyopita, kwenye ibada yetu Wakenya wa Minneapolis, pasta aliuliza kama kawaida nani ana hitaji la maombi. Mmoja akataja viza ya mkewe, mwingine mtihani wa uuguzi. Kisha akasimama mama mmoja anayehudumia wazee kule Golden Valley, kitongoji cha jirani, kofia ya timu ya besiboli ya mji huu ameikumbatia kifuani.

"Naomba tuikumbuke timu yetu. Wiki nzima imefungwa."

Watu wakacheka. Pasta akavua miwani. "Dada, timu hiyo hufungwa kila mwaka. Hujachoka?"

"Pasta, hiyo viza tumeiombea tangu mwaka juzi. Tumechoka?"

Pasta akavaa miwani, akaombea viza, mtihani na timu, kwa mpangilio huo.

Timu ya hapa ikishinda, sote huwa wenyeji. Ikianza kufungwa, tunakumbuka kwamba kwetu ni mbali. Mama huyu amekubali kuumia na mji huu, na nilijivunia kukaa naye benchi moja.

Alasiri nikafungua redio kusikiliza mchezo wao, kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Tulifungwa tena.