Foleni Ilipokwisha Tunduma

Restuta Haonga hakuisoma bei ya kwacha ya Zambia katika simu. Aliisoma barabarani. Kila asubuhi, kabla hajafungua mkoba wake na kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mpaka, alipanda bodaboda hadi Chapwa, na siku nyingine hadi Mpemba, akiyatazama malori yaliyojipanga kuelekea Zambia. Foleni ikiwa ndefu, alijua kwamba madereva watalala Tunduma, watakula, watanunua vocha na sabuni, na mwisho wake watataka kwacha za kuvukia. Siku hiyo hakuuza, alizishikilia. Foleni ikianza kusogea, wote walizitaka kwacha kwa pamoja, na hapo ndipo alipofungua mkoba. Wabadilisha fedha wenzake walimcheka kwa safari zake hizo, kisha mmoja mmoja wakamwinamia na kumwuliza ameona nini.

Ujuzi huo ndio uliomlea tangu alipofiwa na mumewe. Kwa huo alimsomesha binti yake, Tumpale, mpaka akapata kazi ya uuguzi huko Itumba. Na ni ujuzi huohuo uliomkosesha shamba la baba yake.

Shamba lenyewe lilikuwa juu ya Mlowo, katika nyanda za Mbozi. Mibuni yake ilipandwa na baba kabla Restuta hajazaliwa, na chini ya mibuni hiyo, upande wa juu, mama yake alizikwa kwa ombi lake mwenyewe. Alisema hataki kulala mahali ambapo hakuwahi kupalilia. Baba naye alipofariki akiwa hospitalini mbali, na kuzikwa kwa wazee wake, shamba likabaki chini ya kaka mkubwa, Watson. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Mibuni ilikuwa imezeeka, jirani zake wote walikuwa wakipanda parachichi, na mfanyabiashara mmoja wa Vwawa alikuwa amekwisha kulikagua shamba mara mbili.

"Mdogo wangu," Watson alimwambia kwa simu, "wewe ukilitaka, ni lako kwanza. Lakini nina watoto vyuoni, siwezi kukupa bure. Nakungoja mpaka kahawa ya msimu huu iishe mitini. Ikiisha, namwita yule bwana."

"Na mama, kaka?"

"Kaburi hatalifukua mtu, Restuta."

"Sikuuliza kama atafukuliwa. Nimeuliza atabaki na nani."

Kaka alimwuliza habari za Tumpale, kisha akaaga.

Alikuwa na njia moja tu ya kulinunua shamba lile, nayo ilikuwa hisa. Miaka michache nyuma, kampuni moja ya Dar es Salaam iitwayo Langopana, iliyotengeneza mfumo wa kompyuta wa kuandaa nyaraka za mizigo kabla lori halijafika mpakani, iliuza hisa zake kwa umma. Habari hizo zililetwa mtaani na Osea Simbeye, kijana karani wa ofisi ya mawakala wa forodha, ambaye aliutumia mfumo huo kazini na kuusifu kama mtu anavyomsifu mchumba. Kiwango cha chini cha kununua kilikuwa kikubwa kwa mtu mmoja, basi wakaungana watatu: Osea, Restuta, na Alinanuswe Kibona, mama lishe kutoka milima ya Ileje ambaye sufuria zake zilikuwa zikiwalisha madereva kando ya kiti cha Restuta. Walifungua akaunti moja ya pamoja, na sharti lao lilikuwa moja: hakuna kuuza mpaka wote watatu wakubali. Restuta ndiye aliyeweka fungu kubwa. Kwa muda mrefu bei ya hisa ililala palepale, na Alinanuswe alizoea kuuliza, akipakua wali, "Osea mwanangu, yule ng'ombe wetu wa Dar hajazaa tu?"

Ndipo ikatoka habari ya mkataba. Osea alikuja akikimbia, kitambulisho cha kazi kikiruka kifuani. Kampuni kubwa ya nje, yenye malori katika nchi nyingi za kusini, ilikuwa imesaini mkataba wa leseni na Langopana: ingeutumia mfumo ule katika mipaka yote ambako malori yake hupita, Tunduma ikiwa ya kwanza. Katika muda mfupi bei ya hisa ilipanda, ikapita kiasi walichonunulia, ikakizidi kwa mbali.

"Mama zangu, tuuze," Osea alisema, hata kabla hajaketi.

"Kaa kwanza, Bwana Hisa," Alinanuswe alimwambia. "Kula. Mwenye njaa hauzi, anatupa."

"Sitanii, mama. Wenye hisa nyingi wameanza kuuza. Na kuna jambo sijalielewa. Nimeuliza kama malipo ya leseni ni kwa kila lori, au yamelipwa mara moja yakaisha. Sijapata wa kunijibu."

Restuta alicheka kwa upole, kama mtu anayesikiliza swali la mtoto. "Osea baba, nani anayepangisha nyumba akapokea kodi mara moja tu, kisha mpangaji akae miaka kumi?"

"Hii si nyumba, mama."

"Ni nini basi? Wanautumia au hawautumii?"

"Wanautumia."

"Basi watalipia."

Alinanuswe alikuwa amesimama na upawa mkononi, akimtazama huyu, akimtazama yule. Yeye alitaka kuuza. Alitamani kulipaua upya banda lake. Lakini alikuwa amemwona Restuta kwa miaka mingi akienda na soko la kwacha bila kujikwaa. "Mama Tumpale," alisema, "wewe unasemaje? Kwa bei ya leo, shamba si unalipata?"

Hapo ndipo mambo yote yalipoegemea. Kwa bei ya siku ile, fungu la Restuta lingetosha kulinunua shamba. Lisingetosha kuikarabati nyumba ya wazazi iliyokuwa imeezuliwa na upepo, wala kung'oa mibuni iliyochoka na kupanda michanga mahali pake. Angekuwa na shamba, naye asingekuwa na pa kulala humo. Alikuwa ameliota kwa ukamilifu: nyumba yenye bati jipya, kahawa changa, kiti chake uani akitazama upande wa juu alikolala mama yake. Kama bei ingepanda tena kidogo, vyote vingepatikana.

"Mfumo bado haujaanza hapa," alisema. "Watu wananunua maneno. Ngojeni foleni isogee. Siku malori yatakapoanza kupita bila kulala, kila mtu ataona kwa macho yake kitu hiki ni nini, na hapo watazigombea hisa kama madereva wanavyogombea kwacha. Hauzi mtu foleni ikiwa imesimama."

"Wewe umeolewa na foleni," Alinanuswe alimtania.

"Na hajawahi kunipiga."

Walicheka wote, hata Osea. Wakaacha kuuza.

Msimu wa kahawa ulianza Mbozi. Watson alipiga simu kusema vibarua wameingia shambani. Mavuno yalikuwa haba, hayatachukua muda. Restuta alimwomba asiwaharakishe. Kila asubuhi alipanda bodaboda yake, na sasa hakwenda kwa ajili ya kwacha. Alikwenda kutazama kama kitu chake kimeanza kufanya kazi.

Na kilianza. Malori ya kampuni ile ya nje yalikuja na nyaraka zilizokwisha kukamilika, yakapita. Kampuni nyingine zikaona, zikaomba kuingizwa katika mfumo. Mkia wa foleni ukatoka Mpemba, ukarudi Chapwa, ukazidi kurudi. Asubuhi moja Restuta alishuka kwenye bodaboda mahali ambapo miaka yote alikuta malori yamezima injini na madereva wakipiga mswaki kando ya matairi, akakuta barabara tupu na mbuzi wawili wakivuka taratibu. Alisimama akitabasamu peke yake. Dereva wa bodaboda alimwuliza, "Mama, tumefuata nini huku?" Akamjibu, "Tumeshakipata."

Siku ile dereva mmoja Mzambia aliyemzoea alipunguza mwendo mbele ya kiti chake, akatoa kichwa dirishani na kumsalimu kwa Kibemba. "Bamayo, mulishani! Leo sisimami, nalala kwetu Kapiri!" Kisha akaenda zake bila kununua kwacha; angezipata hukohuko kwao. Restuta alimpungia mkono kwa furaha. Ni Alinanuswe aliyekuwa akitazama sufuria.

"Mama Tumpale," alisema jioni, akifunika wali uliobaki zaidi ya nusu, "hawa watu wetu wanapita tu."

"Si ndiyo tulitaka wapite?"

"Tulitaka. Lakini nani anakula?"

Restuta alikuwa na lake la kumwuliza Osea: bei imefika wapi? Kijana alikuwa akimkwepa tangu asubuhi. Alipokuja, alikuja polepole, akaketi bila kuombwa chakula, na akasema akitazama ardhi.

"Imeshuka, mama. Imeshuka chini ya tulipoanzia."

"Foleni imekwisha, Osea. Nimeiona kwa macho yangu."

"Imekwisha kweli. Hesabu za mwaka za kampuni zimetoka. Leseni ililipwa mara moja, wakati wa kusaini, na fedha hizo Langopana ililipia madeni yake ya zamani. Kwa miaka yote ya mkataba, mfumo katika mipaka hii ni wa wale wa nje. Ndio wanaowatoza wengine. Likipita lori moja au yakipita elfu, sisi hatupati kitu."

Restuta aliweka mikono juu ya mkoba. Kwenye lami mbele yao malori yalikuwa yakipita moja baada ya jingine, safi, bila kusimama, na vumbi lao likitua juu ya vifuniko vya sufuria.

"Tuuze basi," alisema.

"Nimeziweka sokoni tangu jana, bila hata kuwauliza. Nisameheni. Hakuna mnunuzi."

Alinanuswe alivuta kigoda akaketi karibu na mwenzake, bega kwa bega, na kwa kuwa hakukuwa na mteja wa kumwinua, alikaa hapo mpaka mkaa ukazimika wenyewe.

Kahawa iliisha mitini. Watson alingoja zaidi ya ahadi yake, kisha akapiga simu, na kwa jinsi alivyoanza na habari za hali ya hewa, dada yake alielewa. "Kaka, mwite," alimwambia. "Usijilaumu. Mwombe tu nafasi ya mama."

Mfanyabiashara wa Vwawa alikubali. Kaburi lingebaki, na ndugu wangeruhusiwa kulitembelea na kulijengea.

Baadaye, Osea alipopata hatimaye mtu wa kuzichukua hisa, zilitoka kwa bei ya kutupa. Alinanuswe alitumia fungu lake kuhamia Mkwajuni, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu bado walikuwa wakila mahali pamoja. Waliagana kwa kushikana mikono muda mrefu, kila mmoja akimwambia mwenzake asilie. Restuta alilipeleka lake Mlowo. Lilitosha saruji, mchanga, na ujira wa fundi mmoja.

Alipofika, nusu ya shamba ilikuwa imekwisha kung'olewa. Mibuni ililazwa mizizi juu, imerundikwa kuwa kuni, na mahali pake palichimbwa mashimo ya parachichi kwa mistari iliyonyooka. Upande wa juu ulikuwa haujaguswa bado. Fundi alikuwa akinyoosha kamba kuzunguka kaburi la mama.

"Huu mbuni, fundi," Restuta alisema, akiuonyesha mti uliosimama karibu na kichwa cha kaburi, mzee, umeinama kidogo upande mmoja. "Uingize ndani."

Fundi alisimama, akavua kofia. "Mama, mwenye shamba alinionyesha mwenyewe mwisho wa kamba. Alisema kaburi tu. Nikiisogeza, kesho atanivunjisha."

"Ni mti mmoja, baba."

"Naona, mama. Ningekuwa na uwezo ningekuwekea."

Hakubishana naye. Alijua sauti ya mtu anayetekeleza mkataba wa mwingine. Fundi alirudi kwenye kamba yake, akaanza kuchimba msingi, na udongo mwekundu ukamwagika hadi kwenye shina la mbuni uliobaki nje.

Vibarua wa mwisho walikuwa wameuacha mti ule bila kuuchuma, kwa haraka au kwa kulionea haya kaburi. Buni zake zilikuwa zimeiva sana, nyekundu inayokaribia weusi. Restuta alifungua kanga ya mabegani, akaikunja kiunoni kama mama yake alivyokuwa akifanya, akaanza kuchuma. Vidole havikuwa vimesahau. Alichuma tawi la chini, akainamisha la juu, akalimaliza, akaokota hata zilizodondoka. Alipokwisha alisimama na mzigo ule mdogo tumboni, akageuka kwa mazoea kuelekea kwenye mashine ya baba ya kumenyea kahawa.

Banda la mashine lilikuwa limekwisha kubomolewa. Alisimama katikati ya mashimo, ameshikilia pembe za kanga, huku nyuma yake fundi akikoroga saruji.