Kuni za Msiba

Nikinusa moshi wa kuni mbichi za mlingoti, yaani mkaratusi, nawadharau upya wale wanawake watatu wa jumuiya yetu. Nimejaribu kuwasamehe, nashindwa.

Mama mdogo alikuwa amerudi Iringa kutoka kwenye matibabu ya saratani, kichwani hana unywele hata mmoja. Wao wakaja na kuni na unga, kama tunavyopeleka msibani.

"Karibuni, mama zangu," akawapokea mlangoni. "Amefariki nani?"

Wakababaika. Mmoja akasema ni upendo tu.

Akanituma niwashe moto kwa kuni zao, akawapikia chai. Hawakugusa vikombe, waliogopa kuambukizwa. Akavimaliza vyote mwenyewe, taratibu, wakimtazama.

"Kuni zilizobaki nitazianika," akasema. "Zikauke vizuri, niwaletee nikija kwenye misiba yenu."