Hodi ya Mize

Asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, tulikuwa wasichana sita kwenye baraza ya nyuma ya hospitali ya mjini, kila mmoja na chungwa lake, tukijifunza kuchoma sindano. Unavuta maji kwenye bomba la kioo, unalishika chungwa kwa mkono wa kushoto, unachoma kwa wa kulia, na Sista, mkuu wa manesi, anapita nyuma yako akitazama ganda kama limechanika. Langu lilikuwa limetobolewa ovyo, maji yakinitiririka mpaka kiwikoni. La Mize ungeweza kulirudisha sokoni na mtu akalinunua.

Naanzia hapo kwa sababu bila ya chungwa lile sina la kusimulia juu ya vita vile vya ng'ombe. Waliokuwa na bunduki ni wengine, na waliokuwa na mawe ni wengine. Mimi nilikuwa na wivu, na baadaye nikapewa kalamu.

Mize alitoka kijiji cha wafugaji, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini. Mimi ni mtoto wa Mlandege, mjini hapo hapo, baba yangu karani, Kiingereza changu kizuri kuliko cha wenzangu wote watano. Nilidhani nimekuja kuwafundisha watu. Kumbe kazi yenyewe ni kumwaga vyombo vya wagonjwa, kufua mashuka yenye damu na kusimama mpaka miguu ivimbe, na katika kazi hiyo Kiingereza hakisaidii kitu. Mize alikuwa na mkono mwepesi na hakuwa na haraka. Wagonjwa walikuwa wakimwulizia. Wakiniona mimi naingia na beseni, wanauliza, "Yule wa shamba yuko wapi leo?"

Halafu alikuwa na jambo lake la hodi. Sisi wengine tukifika kitandani tunafunua chandarua, tunafanya kazi, tunaondoka. Mize alisimama nje ya chandarua akasema "Hodi," akangoja. Mgonjwa asipoitikia, haingii. Niliwahi kumwona amesimama na sinia mkononi muda mrefu mbele ya bibi mmoja mkaidi wa Tumbatu, mpaka yule bibi akachoka yeye kunyamaza akasema karibu. Nilipomwuliza ana wazimu gani, aliniambia kitanda ndiyo nyumba ya mgonjwa, hana nyengine humu ndani. Jioni nilimwigiza bwenini, nikapiga hodi kwenye ndoo, kwenye viatu, kwenye mto wangu. Wenzangu walicheka sana. Mize naye alicheka, na hilo ndilo lililoniudhi.

Lakini wivu wenyewe hasa haukuwa wa hodi. Ulikuwa wa mjomba wake.

Baba yangu hakulitaja jina langu barazani tangu nilipovaa nguo za unesi. Posa yangu ilirudi, watu wakisema msichana anayeosha wanaume hafai kuwaoshea vijana wao vyombo. Nyumba yetu ilikuwa karibu kabisa na hospitali, na katika miezi saba hakuja mtu kunitazama. Mjomba wake Mize, Mzee Makame, alikuja kila mwisho wa wiki kwa miguu, na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake imefungwa kwenye jani la mgomba. Yeye ndiye aliyemleta chuoni baada ya baba yake Mize kukataa. Akikaa chini ya ngazi na Mize akimwamkia, shikamoo mjomba, alimwitikia marahaba kwa sauti ya kusikiwa na mtaa, ili kila apitaye ajue kwamba nesi yule ni wake. Nilikuwa nikipita pale na beseni langu, nikatamani maziwa yamwagike.

Sista alikuwa ametuambia kwamba mwisho wa mwezi atachagua mmoja wetu, wa kwanza, kubeba sinia la sindano peke yake bila ya nesi mkubwa kumsimamia. Wengine watabaki na vyombo. Nililitaka sinia lile kuliko nilivyotaka mume. Niliona nikilipata, baba atakuwa na la kusema barazani.

Miezi ile serikali ilikuwa imeamuru ng'ombe wote wa shamba wachomwe sindano. Wafugaji walikataa. Walisema ng'ombe waliochomwa mwanzo walikufa, na mtu mwenye ng'ombe watatu akifiwa na wawili hana tena pa kusimama. Mzee Makame alikuwa amepoteza wawili. Ziara yake ya mwisho alikuja bila ya maziwa, akamtania Mize kwamba mkono wake anauamini kwa watu, lakini zizini asimwone. Siku chache baadaye tukasikia waliogoma wamekamatwa, na kwamba watahukumiwa mjini.

Siku ya hukumu nilikuwa zamu ya mchana. Nilipita kwetu kuchukua nguo, nikala, nikarudi kwa njia ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Jua lilikuwa kali na uwanja mtupu. Mbele kidogo niliona gari la mahabusu limesimama njiani, na watu wamelizunguka.

Walikuwa wanaume wa shamba, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja mjini. Wengine walikuwa na fimbo za kuchungia. Walikuwa wakivuta mlango wa gari.

Askari walikuwa wachache. Mmoja alikuwa akirudi kinyumenyume, kofia imemdondoka.

Mawe yakaanza.

Kisha bunduki.

Mlio haukuwa mkubwa kama nilivyodhani bunduki inalia. Mtu aliyekuwa mbele yangu alikaa chini taratibu, akajishika tumbo, akatazama mikono yake.

Nilikimbia. Nilikuwa na nguo nyeupe, na mtu nyuma yangu akaniita, "Dada. Nesi." Aliita mara mbili.

Sikugeuka.

Hospitalini majeruhi walitufikia kabla hatujapata pumzi. Waliletwa kwa magari, kwa mikokoteni, kwenye milango iliyong'olewa. Kwa kawaida sisi wanagenzi hatukuingia wodi ya wanaume, lakini siku ile hapakuwa na wodi ya wake wala ya waume. Walilazwa kwenye mikeka ukumbini. Manesi wakubwa wote waliitwa chumba cha kupasulia. Sista alisimama mbele yetu na sinia. Kila mwenye jeraha lenye udongo achomwe sindano ya pepopunda, alisema, na asirukwe hata mmoja. Akasema hakuna tena kungoja mwisho wa mwezi. Akampa Mize sinia, akanipa mimi daftari la kuandika.

Nilimtazama Mize alivyolipokea, kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto. Nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba Mize kwao ni huko huko kwenye ng'ombe, kwamba huenda waliolala pale ni ndugu zake, na kwamba nachelea asije akaanguka na sindano mkononi. Nililisema kwa sauti ya huruma. Mpaka leo sauti ile naisikia, ilikuwa nzuri sana.

Mize alisema yuko sawa, anaweza. Sista hakuwa na wakati wa kupima. Alimpeleka chumba cha nyuma kuchemsha mabomba na kukunja bandeji, akafunga mlango, na sinia akaniwekea mimi, juu ya daftari.

Nilichoma watu kumi au zaidi. Nilichoma ovyo kama lile chungwa, lakini walikuwa wameumia mno, hawakuweza hata kulalamika. Sikumpigia hodi hata mmoja. Karibu na mwisho wa ukumbi nilimkuta Mzee Makame amekaa ukutani, risasi imempita kwenye misuli ya mguu, na jeraha limejaa tope la mtaroni. Nilimtambua. Yeye aliona nguo nyeupe tu. Nilipiga magoti nikafunua kikoi chake bila ya kusema neno, naye akauvuta mguu.

"Mshawadunga ng'ombe wangu," alisema. "Sasa mnanitaka miye."

Nilimwambia hii ni dawa nyingine. Akatikisa kichwa. Halafu akanitazama vizuri, akasema kwa upole:

"Nna mtoto wa dada yangu humu humu, Mize. Niitie yeye. Yeye nitampa mkono, achome anavyotaka."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilisikia mabomba yakigongana kwenye maji ya moto.

Nikasema, "Haya, namwita."

Nikainuka, nikaenda kwa mgonjwa wa pili yake.

Ningemwita, sinia lingerudi mikononi mwake, na ukumbi mzima ungeona. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine. Niliandika kwenye daftari jina lake, na mbele yake neno moja: amekataa. Nilijiambia kwamba nitamwita Mize nikimaliza safu. Nilipomaliza safu, askari walikuwa wameshafika kuwachukua waliojeruhiwa kidogo, wamefungwa bandeji, kwenda nao kizuizini. Mzee Makame alikuwa wa tatu. Alikuwa akichechemea na kugeukageuka nyuma, akitazama milango.

Mize alitoka chumba cha nyuma baada ya alasiri, uso umemvimba kwa mvuke. Aliniuliza kama nimemwona mtu wa kwao. Nilimwambia watu walikuwa wengi.

Siku ya nane walimrudisha Mzee Makame juu ya machela. Taya lilikuwa limekaza. Mgonjwa wa pepopunda hulazwa chumba cha giza, peke yake, kwa sababu kelele ndogo tu humkaza mwili mzima ukapinda kama upinde. Mize aliomba amuuguze yeye, na Sista akakubali. Nilipita na maji nikamwona amesimama nje ya chandarua. Alikuwa akinong'ona. "Hodi, mjomba." Akangoja. Mzee Makame alimtazama, na jasho likimtoka, na meno yamebana. Macho yake yalikuwa yakisema jambo, na ni mimi peke yangu niliyelijua. "Hodi," alinong'ona tena. Alisimama mpaka miguu yangu ikaniuma mimi. Mwisho akafunua chandarua bila ya kukaribishwa, na ndiyo mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo.

Alifariki siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri.

Baada ya maziko Mize alirudi kuchukua vitu vyake. Kabla ya kupanda bwenini alikwenda ukumbini akalifungua daftari. Nilimkuta amesimama nalo, kidole juu ya mwandiko wangu.

"Ulimwambia mimi nipo?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akatikisa kichwa," nilisema.

Alilifunga daftari taratibu, akalipangusa vumbi, akaliweka mahali pake. Aliacha kazi wiki ile. Alimwambia Sista kwamba ikiwa mtu aliyemleta kwa mkono wake amekubali kufa kuliko kuguswa naye, basi hana wa kumuuguza. Sista alinipa sinia. Baba yangu alipata la kusema barazani, na alilisema mpaka alipokufa.

Nilichoma sindano miaka thelathini na tisa. Mkono wangu ulikuja kuwa mzuri, wa kawaida, haukuwa mwepesi. Wagonjwa waliochelea sindano niliwapeleka kwa wengine. Mara nyingi, mgonjwa akikataa na kugeukia ukuta, nimefikiri ni wangapi wangempa Mize mkono, na nimeshindwa kuwahesabu. Waliokufa siku ile kwa risasi wana waliowaua, na watu wameshabishana juu yao vya kutosha. Mzee Makame hakuuawa na risasi.

Nilipostaafu nilikwenda Paje, alikoolewa Mize. Nilimkuta nje ya nyumba yake anafunga mwani kwenye kamba, vidole vyepesi vile vile, kichwa cheupe. Nilisimama mbali nikapiga hodi. Alinitazama kitambo ndipo akasema karibu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, na kabla hajaagiza chai nikamwambia yote: sauti yangu ya huruma mbele ya Sista, mlango, hatua kumi, daftari. Nikamwambia na maneno ya mjomba wake kama alivyoyasema, bila ya kuongeza wala kupunguza. Yeye nitampa mkono, achome anavyotaka.

Vidole vyake vilisimama. Kamba ikabaki mapajani.

"Basi alinitaka," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote hii nikenda kwetu nnampita kaburini sisimami, Zuhura. Nnamwona kama alonifukuza." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na wewe unayo maneno yangu, umekaa nayo tu."

Nilimwomba anisamehe. Aliendelea kufunga mwani mpaka kamba ikaisha, akachukua nyingine. Halafu akasema, bila ya ukali, kwamba hanikatazi kufika Paje, njia si yake. Lakini nikipiga hodi, yeye haitikii.

Nimekwenda mara tatu tangu siku ile. Mlango wake huwa wazi, na ndani namsikia akikohoa, akisogeza vyombo. Napiga hodi, nangoja kama alivyokuwa akingoja yeye, nje ya chandarua, na sinia mkononi. Mara zote tatu nimengoja mpaka jua limehama, na mara zote tatu sikuingia.